Butin, ngawira na mshahara wa mchezaji

Msomaji wa Lubumbashi anauliza neno la Kifaransa "butin" limetoka wapi, na kama kwa Kiswahili aandike "ngawira" au "nyara".

Asili yake haina kona nyingi. Kifaransa kililipata katika karne ya 14 kutoka Kijerumani cha kaskazini, ambako "bûte" lilihusu mgawo, yaani fungu la mtu katika mali iliyogawanywa. Kitenzi "butiner", kilichohusu kuteka mali, sasa amebaki nacho nyuki anayekusanya nekta mauani. "Pillage" ni tendo la kupora. "Butin" ni mali yenyewe iliyoporwa. Jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Alfred Dodds lilipoiteka Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey, mwaka 1892 na kuondoka na viti vya enzi na sanamu za wafalme, mali hiyo ilikuwa butin, na Kiswahili chake ni ngawira. Ufaransa iliporudisha vitu 26 vya Abomey nchini Benin mwaka 2021, ilirudisha ngawira, hata kama hotuba zilikuwa na adabu. "Nyara" nalo lingefaa, ila limekwisha elemewa na watekaji wa watu na, katika mahakama za Tanzania, na pembe za ndovu zinazoitwa nyara za serikali.

Sasa niruhusiwe kuwageukia waandishi wetu wa michezo, ambao kwao ngawira ni fedha yoyote ile. Mchezaji "amevuna ngawira" kwa kusaini mkataba, mbele ya wakili na kamera, kalamu mkononi. Je, alimpora nani? Ngawira hutwaliwa kwa nguvu kutoka kwa aliyeshindwa. Mshahara hulipwa na mwajiri aliyekubali, ingawa wengine hulipa kwa sura ya mtu aliyevamiwa. Mwandishi huyohuyo kesho ataandika kwamba klabu "imekosa ngawira ya kuwalipa makocha", nami nitabaki nikijiuliza klabu ilipanga kuvamia kijiji gani. Nikisoma kwamba wizara fulani "imetengewa ngawira", hapo hunyamaza, kwa kuwa huenda mwandishi anajua jambo nisilolijua.

Vijana wa kijiweni wanaoulizana nani ana ngawira nawasamehe. Utani ni haki yao, na huo una chumvi. Gazeti halina kisingizio, maana lina mhariri, na fedha, donge, posho na kitita yote yapo. Wewe wa Lubumbashi andika ngawira, mradi kuna aliyeporwa.