Pointi 24 kwa mechi hazimpeleki mtu NBA

SWALI: Kocha, shikamoo. Nafuatilia sana mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Kuna gadi mmoja (mchezaji wa nyuma anayeongoza mashambulizi) wa mwaka wa nne, miaka 22, urefu mita 1.85, anafunga pointi 24 kwa mechi. Wachambuzi wanamweka raundi ya pili ya drafti, yaani zamu za timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya, huku kijana wa miaka 19 anayefunga 12 akitajwa kumi bora. Si uonevu huu? Nikitaka kumpima mwenyewe, niangalie nini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Kila drafti ikikaribia naletewa swali hili, na kila mara limesimama juu ya pointi kwa mechi, takwimu inayoniudhi kuliko zote. Habari ya umri sitaichambua: wa miaka 19 ana miaka mitatu ya kukua ambayo huyu wako ameshaitumia.

Mwaka 2009 Stephen Curry wa Davidson aliongoza vyuo vyote kwa pointi 28.6 kwa mechi. Mwaka 2011 Jimmer Fredette wa BYU akaongoza kwa 28.9. Curry alichaguliwa wa saba, Fredette wa kumi. Mmoja ameubadilisha mchezo wenyewe, mwingine hakupata pa kudumu NBA. Jalen Brunson hakufikisha wastani wa 20 hata msimu mmoja pale Villanova, ingawa alitwaa ubingwa mara mbili, 2016 na 2018. Alichaguliwa wa 33, yaani hiyo hiyo raundi ya pili unayoiita uonevu, na leo ndiye nguzo ya New York Knicks.

Cha kujiuliza ni kama nafasi anazopata chuoni atazipata huko aendako. Chuoni timu ina sekunde 30 za kushambulia, NBA ina 24. Mstari wa pointi tatu vyuoni uko mita 6.75, NBA unafika 7.24. Chuoni yule mrefu wa wapinzani anaweza kukaa chini ya kikapu apendavyo. NBA, kama hamkabi mtu kwa karibu, zikipita sekunde tatu ni kosa. Kwa hiyo njia ya kupenya huwa wazi zaidi, ila wanaokuja kuiziba wana mikono mirefu na wanawahi.

Nikiwa na video, kuna kipande kimoja narudia hata mara kumi. Gadi amewekewa skrini, yaani mwenzake amesimama kumzibia mkabaji njia, mkabaji wake amebaki nyuma, yule mrefu anarudi kulinda kikapu. Hapo macho yangu yako kwenye mguu wa mkabaji aliye kona. Akisogea hatua moja kuelekea katikati, mtu aliyekuwa akimkaba pale kona amebaki huru. Gadi ameona? Mpira umetoka kabla ule mguu haujatua, au ameudundisha mara mbili zaidi? Na umemfikia mwenzake kifuani, au magotini hadi akainama? Akiinama tu, mkabaji ameshafika. Hayo hayaonekani kwenye pointi, na hata kwenye asisti, yaani pasi zilizozaa kikapu, hayaonekani, kwa sababu mpigaji akikosa, pasi ile haihesabiwi.

Asilimia ya pointi tatu ya msimu mmoja nayo isikubabaishe. Tyrese Maxey alipata 29.2 tu Kentucky, wengi wakamwandika hajui kulenga. Alikuwa amepiga mitupo mia na ushei. Saba tu ingeingia zaidi, angekuwa na 35. Lakini mitupo huru, ile ya baada ya faulo asiyokabwa na mtu, alipata 83.3, na mimi mkono wa mlengaji nautafuta hapo. Akachaguliwa wa 21 mwaka 2020, na msimu wa pili NBA akapiga pointi tatu kwa 42.7. Markelle Fultz, wa kwanza mwaka 2017, alikuwa na 41.3 za pointi tatu, ila mitupo huru 64.9. NBA mtupo wake ukamsumbua. Bega lilimuumiza, ni kweli, lakini ile 64.9 ilikuwepo kabla ya bega.

Sasa niseme linaloniuma. Watu wamezoea kupima mchezaji kwa klipu ya dakika mbili, na huku kwetu wamejitokeza wanaojiita mawakala wanaoishi kwa kuzitengeneza. Wanamtoza mzazi hela nyingi, wanakata mashuti yaliyoingia tu, wanatia muziki, wanaahidi ufadhili wa chuo Marekani. Nimeletewa klipu za namna hiyo nisizoona ndani yake pasi hata moja, wala ukabaji. Mama mmoja alikuwa ameshauza kiwanja ndipo akaja kuniuliza kama mwanawe anafaa. Kijana alikuwa mzuri, lakini kwa ile klipu hakuna kocha ambaye angeweza kumjua.

Mzazi ukiombwa hela, usitoe kabla hujaona mechi moja nzima ya mwanao isiyokatwa, ikiwezekana ile waliyofungwa. Kisha mwulize huyo wakala ni kocha gani, wa chuo gani, ameitazama, halafu wewe mwenyewe ukiandikie chuo hicho kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa yeye.