Umeosha Mara Ngapi?

Vijana wanaoanza kutengeneza unga wa oksidi ya zinki wa kiwango cha nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) huniuliza habari za tanuri na hadubini. Mimi huwauliza kwanza: umeosha mara ngapi?

Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti hapa Arusha, nilidondoshea hidroksidi ya sodiamu kwenye nitrati ya zinki yenye moto, tone kwa tone, mpaka mashapo meupe yakajaa bika kama mtindi. (Usimimine kwa pupa: hidroksidi ikizidi sana, mashapo huanza kuyeyuka tena.) Nikachuja, nikasuuza mara mbili, nikakausha usiku kucha kwenye nyuzi joto 80, nikapeleka sampuli kwenye mashine ya eksirei inayosoma fuwele. Kwenye mchoro wake, vilele vya oksidi ya zinki vilisimama mahali pake, karibu na pembe za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3. Lakini palikuwa na kilele kingine kidogo kwenye 29.4.

Nikalaumu chokaa ya maji ya bomba, maana kilele chake kikuu huwa hapo hapo. Kumbe ilikuwa nitrati ya sodiamu, chumvi inayozaliwa na mmenyuko wenyewe. Vilele vyao vikuu karibu vinalaliana. Chumvi hiyo huyeyuka kwenye maji bila shida. Ilibaki kwa sababu nilikuwa na haraka.

Tangu hapo sihesabu mara za kuosha, napima maji yanayotoka. pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ikishuka kufikia ya maji safi, na upitishaji wake wa umeme vilevile, ndipo namalizia kwa ethanoli. Na tumia maji yaliyokenekwa, tafadhali. Maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kama unatengeneza oksidi ya kunasa floridi, kuioshea maji hayo ni kuishibisha kabla haijaanza kazi.

Ukishapata vilele safi, toa kwenye upana wa kilele ule unaoletwa na mashine yenyewe, geuza uliobaki kuwa radiani, kisha ukokotoe ukubwa kwa mlinganyo wa Scherrer, unaokadiria ukubwa kutokana na upana wa kilele. Unachopata ni ukubwa wa fuwele, si wa punje. Hadubini ya elektroni ikikuonyesha punje za nanomita 200 ilhali hesabu inasema 20, usifute chochote: punje moja inaweza kuwa fuwele nyingi zilizoshikamana. Andika vipimo vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.