Maswali na Majibu: Kilichotupwa Kilikuwa na Kazi Gani?

Swali: Nimeokota madumu matano ya lita 5 kando ya shamba la tumbaku. Nikiyaosha vizuri kwa sabuni, naweza kuhifadhia mawese? (Msomaji, Kasulu)

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usimpe hata jirani. Madumu yanayotupwa kando ya shamba huenda yalibeba dawa ya kuulia wadudu. Plastiki huinywa dawa hiyo, na mafuta huivuta dawa hiyo kuliko maji, kwa hiyo unaweza kuosha hadi harufu ikaisha na sumu ikabaki. Dumu la namna hiyo husuuzwa mara tatu shambani, maji ya kusuuzia yakimiminwa ndani ya bomba la kupulizia, kisha hutobolewa ili mtoto asije akalichotea maji ya kunywa. Kabla ya kuuliza dumu litafaa nini, uliza lilibeba nini. Ukikosa wa kukujibu, liache.

Swali: Nimenunua mabomba ya chuma chakavu pale Mwanga ili nitengeneze geti, lakini yana kutu. Nimepoteza fedha? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Huenda hujapoteza. Gonga kwa nyundo kila baada ya shubiri moja: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti butu. Penye maungio chokoa kwa bisibisi, kwa kuwa maji hutuama hapo na bomba huoza kuanzia ndani, huku nje likionekana zima. Yanayofaa yasugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, uyapake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla umande haujayakuta. Sisi wa Kigoma tunao ushahidi wetu: meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi nzito, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ile ndiyo iliyookoa injini.

Swali: Vipande vya nyavu za dagaa vinavyotupwa Kibirizi vinafaa kuzungushia bustani ya mchicha? (Msomaji, Kigoma mjini)

Jibu: Vinafaa sana. Vifue, uvianike, kisha uvikaze kwenye miti hadi chini bila kuacha pindo linaloning'inia, maana kuku hunasa miguu humo na kujikata akihangaika. Jua huila nailoni. Ukiona nyuzi zinakatika kwa kidole, ung'oe wavu wote kabla haujamomonyokea kwenye udongo wa mboga zako.