Zawadi za Krismasi kwa mito yetu: maswali yenu, majibu yangu

Ofisi yetu hapa Mbarara, Uganda, inataka kugawia wafanyakazi miche kama zawadi ya Krismasi, waipande kesho yake kando ya mto Rwizi. Tununue ya aina gani?

Kabla ya aina, tazameni kalenda. Desemba mvua zinaaga, na Januari hadi Februari ni jua. Mche uliozoea kivuli na maji ya kila siku kitaluni hauna mizizi ya kuyafuata maji yanaposhuka ardhini. Mtapiga picha nzuri, na kufikia Februari mtakuwa na vijiti.

Gaweni kadi za ahadi ya mche sasa, mlipie kitalu malipo ya awali, mpande Machi mvua ikishalowesha udongo vizuri. Wiki chache kabla ya kupanda, mwambieni mwenye kitalu apunguze kivuli na maji ili miche ikomae.

Aina: karibu kabisa na maji, matete na mianzi hushika udongo. Juu kidogo, miti ya kienyeji kama mutuba na musambya. Shimo liwe sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu uwekwe kando na urudi kwanza. Chaneni kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kwa wembe kutoka juu hadi chini na mkate mizizi iliyojizungusha chini. Mizizi hiyo ikiachwa, huendelea kuzunguka papo hapo na mti huanguka ukiwa mkubwa. Kiriba kirudi nyumbani. Kikibaki ukingoni, mto utakichukua. Matandazo yasiguse shina, maana huozesha gome.

Halafu, nani atazuia mbuzi? Kama hakuna jibu, nunueni miche michache na hela iliyobaki iende kwenye uzio. Mwoneni pia ofisa mazingira wa wilaya: kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinalinda mita 100 kando ya mito iliyoorodheshwa na 30 kwa mingine, zikipimwa kutoka pale maji yanapofika mto ukijaa. Wengi hupima kutoka kwenye maji ya kiangazi.

Mikaratusi inakua haraka. Kwa nini tusiipande mtoni?

Kwa sababu inakunywa mto wenyewe. Swali hili linarudi kila msimu na jibu halibadiliki. Ukitaka nguzo, ipande mbali na maji.

Vikapu vya gugu maji vinavyouzwa Jinja vinasaidia Nile kweli?

Vinamsaidia msusi, na hilo linatosha kuvinunua. Usidanganywe kwamba vitamaliza gugu. Linalishwa na maji machafu ya miji na mbolea ya mashamba, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikisubiri. Chagua kikapu kilichokauka hadi ndani: finya mpini, ukihisi ulaini kitaota ukungu kabatini. Na tafadhali, msibebe mmea mbichi wenye ua la zambarau kwenda kupamba bwawa la nyumbani. Ndivyo gugu linavyohamia mto mwingine.

Baba mkwe analima mahindi hadi ukingoni mwa mto Manafwa. Nimpe zawadi gani aache bila ugomvi?

Mizinga ya nyuki, miwili. Ukingo ukimpa asali, hana haja ya kuulima. Nunua ile ya viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega), na upime kiunzi kwa rula kabla ya kulipa: upana sentimita 3.2. Fundi akikata vipana, nyuki hujenga masega yanayounganisha viunzi, na ukiinua kimoja unapasua vyote. Paka mstari mwembamba wa nta chini ya kila kiunzi.

Ining'inize kwa waya, mita moja juu, mlango usielekee njia ya watu wala wanakoteka maji. Waya upakwe grisi na nyasi za chini zifyekwe. Jani moja likigusa mzinga ni daraja la siafu, na kundi litahama usiku mmoja. Zawadi haijakamilika bila kifukizia moshi, kofia yenye wavu na glavu. Asiye navyo atavuna kwa moto wa nyasi, na ukingo utaungua.

Kuna kadi inayosema "mti mmoja umepandwa kwa jina lako". Ninunue?

Muulize muuzaji mto gani, ukingo upi, nani anapalilia, na mingapi iliyopandwa mwaka juzi bado iko hai. Akijibu kwa idadi ya iliyopandwa tu, funga pochi.

Nifungie zawadi kwenye nini?

Kitambaa au gazeti. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hapana.