Mfumuko wa bei umeshuka, je, mkono wa msiba ubaki palepale?

SWALI: Mimi ni mtunza hazina wa kikoba chenye wanachama 30 hapa Morogoro. Mbali na hisa, kila mwanachama hutoa 1,000 kwa wiki kwa ajili ya mfuko wa jamii. Mwanachama akifiwa tunampa mkono wa msiba wa 200,000 kutoka mfuko huo, kiwango tulichokipanga mwaka 2019. Sasa baadhi wanataka kipandishwe. Mwenyekiti anakataa: anasema takwimu za serikali zinaonyesha mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 3.8 mwaka 2023 hadi 3.1 mwaka 2024, kwa hiyo bei zinashuka. Nani yuko sahihi? Tukipandisha, iwe kiasi gani? Na waliopewa 200,000 mwaka jana tuwaongezee?

JIBU: Mwenyekiti hajakosea namba. Amekosea maana yake. Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda, si bei yenyewe. Chukua kapu la vitu lililogharimu 10,000 mwaka 2022. Kwa asilimia 3.8, mwaka 2023 lilifika 10,380. Mwaka uliofuata likaongezeka asilimia 3.1 nyingine, likawa karibu 10,700. Hakuna mwaka lilioshuka hapo. Lilipanda polepole zaidi, basi. Ili bei zishuke kweli, asilimia hiyo ingebidi iwe chini ya sifuri, na kwa miaka hii yote Tanzania haikufika huko.

Kosa la pili, ambalo naliona zaidi kwenye vikoba, ni kutazama mwaka mmoja tu. Asilimia tatu inaonekana ndogo, nani atagombana kwa asilimia tatu? Lakini kiwango chenu kimekaa tangu 2019, na miaka hupandiana mgongoni. Wastani wa mwaka ulikuwa 3.3 mwaka 2020, 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022 (vita vya Ukraine, mafuta ya kula na ya magari mnakumbuka), kisha 3.8 na 3.1. Usizijumlishe, zizidishe: 1.033 × 1.037 × 1.043 × 1.038 × 1.031. Simu yoyote yenye kikokotoo itakupa karibu 1.196. Yaani kilichonunuliwa kwa 200,000 mwaka 2019 kilihitaji takriban 239,000 mwaka 2024. Mkitoa 200,000 ileile, mfiwa anapokea thamani ya kama 167,000 za wakati ule. Mkono wa msiba haujaguswa na mtu, lakini thamani yake imepungua.

Kwa hiyo wanaotaka kupandisha wana hoja. Ila nisingekimbilia 239,000 moja kwa moja, maana hiyo ni namba ya nchi nzima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hufuatilia bei za bidhaa na huduma 383, na katika kapu hilo vyakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2 tu, yaani vinahesabiwa kama sehemu hiyo ya matumizi yote. Hakuna njama hapo. Uzito umetokana na utafiti wa matumizi ya kaya zote, zikiwemo zenye magari na ada za shule binafsi. Lakini msiba hauna ada ya shule. Msiba ni mchele, maharage, mafuta, sukari, kuni au mkaa, turubai, viti, na gari la kuwapeleka watu makaburini. Chakula kinaweza kula nusu ya fedha yote.

Tengenezeni kapu lenu. Chukua daftari la misiba ya 2019, mgawanye ile 200,000 ilikwenda wapi, kisha muulize bei za leo sokoni na kwa mwenye turubai. Kwa mfano tu: laki moja ilikuwa chakula, 60,000 usafiri, 40,000 turubai na viti. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 40, usafiri 25, turubai halijapanda. Mtapata 140,000, 75,000 na 40,000, jumla 255,000. Namba zenu zitatofautiana na hizi, huenda zikawa chini ya 239,000, lakini zitakuwa zenu na hata mwenyekiti atazikubali.

Angalizo moja kwenye kuuliza bei: msitumie mwezi mmoja. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, sukari ikaadimika. Serikali ikatangaza bei elekezi kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea kanda, huku madukani watu wakilipa 4,000 na zaidi. Kikoba kilichopanga kiwango chake mwezi ule kilipanga kwa bei ya dharura. Mchele na mahindi navyo vina msimu: bei ya baada ya mavuno si ya Januari. Chukueni wastani wa miezi kadhaa, au mlinganishe mwezi uleule wa miaka miwili. Nauli na mkaa ni rahisi zaidi, kila mmoja wenu anazijua.

Sasa sehemu ambayo wengi huisahau: fedha inatoka wapi? Watu 30 kwa 1,000 kila wiki ni 1,560,000 kwa mwaka. Kwa 200,000, mfuko unabeba misiba saba na chenji inabaki. Kwa 240,000 unabeba sita, wa saba mnaanza kuangaliana. Mkipandisha mchango hadi 1,200 kwa wiki mnapata 1,872,000, na misiba saba inarudi kubebeka. Anayetaka mkono wa msiba upande akubali na mchango upande. Kumpandishia mfiwa bila kujipandishia wenyewe ni kumkopa mwanachama atakayefiwa mwishoni mwa mwaka.

Ningewashauri pia muingize kwenye katiba ya kikoba kwamba kila mwanzo wa mzunguko mpya mtapitia kiwango hicho, mkitumia kapu lenu na wastani wa mwaka wa NBS kama kipimo cha pili. Ongezeko la 7,000 au 8,000 kila mwaka halimshtui mtu. La 40,000 kwa mpigo ndilo linalozua kikao cha saa tatu.

Kuhusu waliopewa 200,000 mwaka jana, hapana, msiwaongezee. Walipewa kwa kanuni iliyokuwepo na walichangia kwa kanuni hiyohiyo. Mkianza kurudi nyuma, yule wa 2022 naye atauliza, na mfuko wa jamii hautakuwa na cha kumjibu. Kiwango kipya kianze na mchango mpya, siku moja.