Noti ya kawaida inatosha, ila ipange kwa mahali unapokwenda

Ndugu yetu ameuliza: ameshapakua programu tatu za kupanga kazi, zote amezifuta kabla ya wiki mbili. Je, ile ya kuandikia noti tu inaweza kumwendeshea shughuli zake za siku? Inaweza, ndugu yangu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Tanga, nakaa Makorora, na mwaka wa nne huu natumia Google Keep peke yake, programu ya Google ya kuandikia noti. Ni ya bure, na unaandika hata bando likiwa limekata.

Mwanzoni niliitumia vibaya. Nilifungua noti moja, nikaiita "Kazi", nikawa natupia humo kila kitu: wateja, ada ya mtoto, unga, kumpigia mjomba Korogwe. Mwezi haujaisha, mistari imepita sitini. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kazi zangu zilikuja leo zikalowea. Ikafika mahali naiogopa ile noti, siifungui.

Siku moja nimekwenda Pongwe kufanya wayaringi wa nyumba ya vyumba vitatu. Nafungua mfuko: waya wa 2.5 wa soketi upo, wa 1.5 wa taa haupo. Na niliuandika! Ulikuwa chini kabisa, baada ya sabuni ya kufulia. Kurudi mjini na kwenda tena, nusu ya siku imeondoka, na nauli ni yangu, maana mwenye nyumba hahusiki na hilo.

Tangu hapo noti zangu zinafuata mahali. Ipo ya "Mjini", ipo ya "Nyumbani", ipo ya "Simu" yenye watu wa kuwapigia, na kila nyumba ninayofanyia kazi ina noti yake. Ukiwa umesimama kaunta ya duka la vifaa vya umeme huna haja ya kusoma habari za ada. Unataka kujua kitu kimoja: hapa nilipo, nichukue nini? Nyumba ikimalizika, noti yake naiondoa mbele bila kuifuta. Mteja akinipigia baada ya mwaka, natafuta jina la mtaa wake, naona nilifunga soketi ngapi.

Halafu angalia unavyouandika mstari wenyewe. Hapa ndipo wengi tunapokwama, tukadhani programu ndiyo mbovu. "Wayaringi Pongwe" haiwezi kuwa mstari mmoja. Ndani yake kuna kukata mifereji ukutani, kulaza mabomba, kuvuta waya, kufunga soketi na swichi, kupima. Huwezi kuitia tiki leo wala kesho, kwa hiyo inakaa inakutazama. Andika kitu cha kufanya ambacho ukikianza utakimaliza.

Nikupe mfano ulionifunza zaidi. Mzee mmoja wa Raskazoni aliniomba nimbadilishie taa ya getini. Kazi ya dakika ishirini. Nikaihamishia kesho, kesho nikaihamishia keshokutwa, siku tisa zikapita, na mzee ananisubiri kwa heshima zake. Usiku mmoja nikajiuliza kwa nini siiendei. Kumbe sina ngazi ndefu. Nikafuta "taa ya mzee", nikaandika "azima ngazi kwa fundi rangi". Asubuhi nikaiazima, saa nne taa inawaka. Kwa hiyo sasa mstari ukihamishiwa kesho jioni tatu mfululizo, nauuliza una nini. Ama kuna kitu kinatangulia ambacho sijakiandika, ama kazi siitaki, na hapo nampigia mtu nimwambie ukweli atafute fundi mwingine.

Huko kuhamisha nakufanya baada ya isha, dakika kumi. Natoa mistari mitano tu kutoka noti nyingine, naiweka kwenye noti ya "Leo" niliyoibandika juu kabisa. Mitano, isizidi. Kazi za ghafla zitakuja tu, na nafasi yake lazima iwepo.

Noti ya sokoni tunaiandika pamoja na mke wangu, kila mtu kwa simu yake. Nikiwa soko la Mgandini yeye anaongeza nazi kutoka nyumbani, naiona hapo hapo. Nikitia tiki, kitu kinashuka chini, hakinunuliwi mara mbili. Hii ya pamoja lakini inataka intaneti kwenye simu zote mbili.

Vikumbusho usivitegemee moja kwa moja. Simu nyingi huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji, kengele ikachelewa. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi. Mimi jambo lenye saa yake maalumu naliwekea alamu ya kawaida.

Na simu ikipotea? Yangu iliibwa stendi ya Kange. Nilipopata nyingine nikaingia na Gmail ile ile, noti zote zikarudi. Basi nywila ya Gmail uijue kwa kichwa. Ila namba ya siri ya pesa za simu usiiandike humo hata siku moja.

Anza na noti mbili tu, "Leo" na ya mahali unapokwenda zaidi. Ukikwama, weka hapa mistari mitano kama ulivyoiandika, nikuonyeshe ningeivunjaje.