Uliza spika zinaingilia wapi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mdogo wako ana miaka 24, aliumia uti wa mgongo mwaka jana, sasa yuko kwenye kiti mwendo, na kitu cha kwanza alichokuomba tangu arudi nyumbani ni kwenda kusikiliza bendi hapa Arusha. Unauliza kama ataweza kuingia ukumbini na kama ni salama. Poleni sana kwa yaliyowapata. Mpeleke. Mimi niko kwenye kiti mwendo tangu 2012, ajali ya pikipiki, na muziki wa dansi sijauacha. Ila kuna mambo niliyajua kwa kuumia, na sitaki naye ayajue hivyo.

Ukipiga simu ukumbini ukauliza kama mlemavu anaweza kuingia, utajibiwa ndiyo, karibuni sana. Hawakudanganyi. Wanachokiona kichwani ni mabaunsa wawili wakimbeba. Ndivyo ilivyokuwa mara yangu ya kwanza. Ngazi nne mlangoni. Mmoja akashika pa kuwekea mkono, mwingine akashika pa kuwekea miguu, wakahesabu moja, mbili, tatu. Kwenye kiti changu sehemu zote hizo zinachomoka. Ya miguu ikabaki mkononi mwa kijana, kiti kikainamia mbele, nikafikia viganja kwenye ngazi, foleni nzima ya watu waliopendeza ikinitazama. Nilikuwa nimevaa shati jeupe nililonunua kwa ajili ya usiku ule. Mwili haukuumia sana, lakini gurudumu dogo la mbele lilipinda na nikarudi nyumbani bila kusikia hata wimbo mmoja. Vijana wale walikuwa na nia njema kabisa, mmoja machozi yalimlengalenga. Hakuna aliyewahi kuwaelekeza.

Kwa hiyo ikibidi abebwe, mwelekezaji awe yeye mwenyewe, kwa sauti, kabla mtu hajagusa kiti. Mmoja akae nyuma kwenye mishikio ya kusukumia, mwingine mbele ashike fremu yenyewe, lile bomba lililochomelewa, asishike gurudumu wala kitu chochote kinachochomoka. Kupanda, kiti kinapanda kinyumenyume kikiwa kimelazwa juu ya magurudumu makubwa, ngazi moja, mnapumzika, ngazi nyingine. Kushuka kinatangulia mbele, bado kimelazwa nyuma. Mara zote mbili uso wake unaelekea chini ya ngazi. Wakianza kumgeuza vinginevyo, wasimamisheni.

Swali zuri la kuuliza nilifundishwa bila kukusudia na fundi mitambo wa bendi moja. Nilikuwa nje nasubiri watu wa kunibeba, nikamwona anasukuma spika za besi kwenye kitoroli, spika kubwa kama kabati, anazunguka nazo nyuma ya jengo. Nikamfuata. Huko nyuma kulikuwa na mlango mpana wa bati na mteremko wa zege uliomwagwa kwa ajili ya kreti za bia na jenereta. Nikaingia kwa mikono yangu mwenyewe mpaka pembeni ya jukwaa. Sikuguswa na mtu. Mpiga besi alikuwa anakaza nyuzi zake, akanisalimia kama anavyosalimia mteja yeyote. Tangu siku hiyo nikipiga simu siulizi habari za walemavu, nauliza spika zinaingilia wapi. Kumbi nyingi zina jibu, kwa sababu hakuna bendi inayopenda kubeba besi ngazini kila wikendi.

Sisemi kwamba mlango wa nyuma ndiyo haki yetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma tuzifikie kama wengine. Aliyelipa kiingilio apite mlango wa mbele. Nilimwambia hivyo mwenye ukumbi mmoja, akanisikiliza, na wiki chache baadaye akaniita kwa furaha nione mteremko wake mpya. Ngazi zake tatu zilikuwa na kimo cha sentimita 45 kwa jumla, na mteremko ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Niliposukuma, magurudumu ya mbele yakanyanyuka hewani, shemeji yangu akanidaka kwa nyuma. Kipimo kinachotumika ni hiki: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Sentimita 45 zinataka mita 5 na sentimita 40. Tukakaa na fundi, tukachora kwa chaki sakafuni, tukaulaza mteremko sambamba na ukuta ili usile maegesho. Bahati nzuri mwenye mali alikubali kuvunja na kuanza upya. Wengi hawakubali.

Sasa choo, na hapa nisikilize kwa makini. Sisi wengi tulioumia uti wa mgongo mkojo tunautoa kwa katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kila baada ya saa nne mpaka sita, na hilo linataka mwanga, maji ya kunawa na mahali pasafi. Ukumbi ukiwa na mlango mzuri lakini choo hakiingiliki, kijana ataamua kutokunywa maji siku nzima. Nilifanya hivyo miezi mingi, nikaishia na maambukizi ya mkojo na homa, wiki nzima kitandani. Nenda mchana na tepu ya fundi. Pima kwanza kiti chake kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja mpaka wa pili. Changu ni sentimita 66. Mlango wa choo uwe na nafasi ya 80 ukiwa umefunguliwa, na ndani pawe na kama mita moja na nusu ili ageuke. Kisha muulize meneja usiku wanaweka nini kwenye ile korido. Mchana ni tupu, saa nne usiku kreti tupu zimepangwa mpaka dirishani.

Bustani za kumbi zetu zina kokoto, na magurudumu madogo huzama. Mgeuze, umvute kinyumenyume, makubwa yatangulie.

Kuhusu kuona jukwaa: bendi ikifika kwenye sebene watu wote wanasimama, na aliyekaa anabaki kutazama migongo. Ombeni meza ya pembeni kabisa mbele, si chini ya spika. Fikeni saa moja jioni kabla meza hazijabanana, maana saa tatu hamtapita tena. Na ajinyanyue kwa mikono kila nusu saa, hata wimbo ukiwa mtamu, vidonda vya makalio vinaanza kimyakimya.

Jambo moja zaidi la hapa kwetu. Juni na Julai baridi ya Arusha unaijua, na wahudumu huleta jiko la mkaa karibu na meza. Dada mmoja aliliweka karibu na miguu yangu kwa huruma. Sikuhisi kitu. Niliinamisha kichwa niliposikia harufu ya mpira, nikakuta soli ya kiatu imeanza kuyeyuka, na kidole gumba kilichukua miezi miwili kupona. Mfunike shuka nzito magotini, jiko likae mbali.

Usafiri msihangaike, kiti kinachokunjwa kinaingia nyuma ya bajaji. Mkubaliane mapema na dereva yule yule awarudishe.

Jina la ukumbi wenye ule mteremko wa mita tano nitakutumia pembeni. Jumamosi nitakuwepo kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kushoto kwa jukwaa, meza ya kona. Nimeshaipima, inaingiza viti mwendo viwili.